Taa za kuzama darini: kabla ya kuziba tundu, ijue taa

Swali: Mhandisi, salamu. Nyumba yetu ina taa 14 za kuzama darini, tulizikuta tulipohamia. Dari ni jipsamu, paa ni bati. Tuliweka sufi ya kioo juu ya dari ili kupunguza joto, lakini fundi aliacha duara tupu kuzunguka kila taa, akasema zisiguswe. Sebuleni kuna kiyoyozi na bado hapapoi vizuri. Vumbi linashuka pembeni mwa taa, na mbili kati yake hudondosha maji ilhali paa halivuji. Kuna moja pia hujizima yenyewe usiku, kisha ikawaka tena. Jirani ananishauri ninunue makopo ya povu la kupuliza, nipande darini nizibe taa zote. Nifanye hivyo?

Jibu: Ndugu yangu, hilo povu liache dukani kwanza. Fundi aliyeacha duara tupu hakufanya uvivu, alijua anachokiogopa. Tatizo ni kwamba aliishia katikati ya kazi: alikukinga na moto, akakuachia matundu. Jirani yako naye hajakosea kabisa, kwa sababu matundu hayo lazima yazibwe. Lakini hayazibwi kwa povu, na hayazibwi kabla hujajua ni taa ya namna gani iliyojificha mle ndani.

Kabla ya kwenda mbali, zima sasa hivi zile mbili zinazodondosha maji, kwenye sakiti breka na si kwenye swichi ya ukutani tu. Ibaki hivyo mpaka ziangaliwe. Na ile inayojizima usiku nayo usiiwashe.

Watu wengi huona duara la wazi kwenye dari kubwa ni jambo dogo, kwa hiyo tupige hesabu. Tuseme dari ya sebule ni mita za mraba 20, ina taa 6, na kila taa imeachiwa mraba mtupu wa sentimita 30 kwa 30. Sehemu zote tupu zikijumlishwa hazifiki asilimia 3 ya dari. Sufi nene ya kiwango cha R 4 kwa vipimo vya mita (R ni kipimo cha uwezo wa kuzuia joto) hupitisha robo ya wati kwa kila mita ya mraba, kwa kila nyuzi moja ya tofauti ya joto kati ya juu na chini. Jipsamu tupu hupitisha zaidi ya wati 3. Ukizidisha na kujumlisha, ile asilimia chini ya 3 iliyokosa sufi inaongeza joto linalopita kwenye dari nzima kwa karibu theluthi moja. Yaani ulilipia sufi ya sebule nzima, na mashimo sita yakala sehemu kubwa ya faida yake.

Na hapo hatujagusa hewa, ambayo kwa maoni yangu ndiyo inayokusumbua zaidi. Sufi ya kioo haizuii hewa. Inazuia joto kwa kuituliza hewa iliyomo kati ya nyuzi zake, lakini upepo ukipata njia hupita ndani yake bila shida. Kinachozuia hewa katika nyumba yako ni ile jipsamu, na kila taa ni tundu katika jipsamu hiyo. Pengo la milimita 3 tu kuzunguka taa yenye kipenyo cha milimita 70 lina eneo la sentimita za mraba 6 na nusu hivi. Mara 14, ni kama kutoboa dari tundu moja la karibu sentimita 10 kwa 10 na kuliacha wazi mchana na usiku.

Katika nchi za baridi hewa yenye joto ya ndani hupanda, ikapenya kwenye matundu hayo na kupotelea juu, ikibeba unyevu unaokwenda kuozesha mbao za paa. Kwako mwendo umegeuka. Hewa iliyopozwa na kiyoyozi ni nzito, inashuka na kutokea chini ya milango, na nafasi yake inajazwa na hewa inayovutwa kutoka juu ya dari. Chini ya bati lililopigwa na jua, hewa hiyo huweza kupita nyuzi 50. Ukiwasha feni ya kutolea hewa jikoni au bafuni ndiyo kabisa: feni inatoa, dari inaingiza. Vumbi unaloliona linasafiri na hewa hiyo. Panda ngazi utazame ukingo wa taa iliyo karibu na kiyoyozi. Ukikuta duara la weusi kwenye rangi ya dari, kama masizi, hapo ndipo hewa imekuwa ikipita muda mrefu, ikiacha uchafu wake ukingoni.

Maji nayo yana asili hiyohiyo. Hewa ya nyuzi 30 yenye unyevu wa asilimia 80 huanza kugeuka matone ikigusa kitu chochote kilicho chini ya nyuzi 26 hivi. Pete ya chuma ya taa, kwenye chumba kilichopozwa hadi 22, iko chini ya hapo. Hewa ya darini inashuka, inagusa pete, inatoa jasho, tone linadondoka. Nimeona watu wakibadilisha mabati mazima kwa sababu ya jasho la taa. Kama yanadondoka hata siku zisizo na mvua, na hasa kiyoyozi kikiwa kimewashwa, usihangaike na paa kwanza.

Sasa tuje kwenye taa yenyewe. Zima umeme kwenye breka, hakikisha kwa tesita, kisha vuta pete polepole kwenda chini. Nyingi hushikwa na springi mbili za pembeni. Zibane kwa vidole unapozitoa, maana zikiruka zinauma kweli. Itoe taa ining'inie kwenye waya wake na usome lebo iliyo mgongoni, si ya balbu tu. Taa zilizotengenezwa kwa soko la Marekani huandikwa IC kama zinaruhusiwa kuguswa na kufunikwa na kihamijoto, yaani kitu cha kuzuia joto kama sufi yako. Zisizo na herufi hizo, kanuni za umeme za huko zinataka kihamijoto kikae umbali usiopungua milimita 75 kutoka kwenye taa, transfoma na draiva yake (kifaa kinachoilisha LED umeme unaoifaa), na kisiwekwe juu yake kikazuia joto kutoka. Zinazofuata viwango vya Ulaya hutumia mchoro: taa ndogo iliyofunikwa, imekatwa kwa alama ya X. Ukiukuta mchoro huo, taa hiyo haifunikwi. Usipokuta chochote, au lebo imefutika, ihesabu kuwa haifunikwi.

Angalia na balbu. Kama ni halojeni ya wati 50 yenye kioo cha rangirangi mgongoni, hiyo ndiyo hatari kuu. Kioo kile kimetengenezwa kurudisha mwanga mbele na kuachia sehemu kubwa ya joto litokee nyuma. Kwa hiyo chini unapata mwanga usiounguza, huku joto jingi likimwagwa juu ya dari, palepale ambapo watu huweka sufi, karatasi zilizosagwa, au povu. Mbele ya chumba huwezi kugundua chochote mpaka uone moshi.

Ile inayojizima na kuwaka tena, nadhani umeshaielewa. Taa nyingi za kuzama zina swichi ndogo ya joto ndani: joto likizidi inakata umeme, ikipoa inarudisha. Mara nyingi sababu ni mbili, ama balbu ina wati nyingi kuliko lebo inavyoruhusu, ama kihamijoto kimeporomoka na kuifunika. Nina hakika nusu-nusu kwamba ukipanda utakuta kipande cha sufi kimeteleza juu yake. Usiridhike kwa sababu inajizima yenyewe. Swichi hiyo ni kinga ya mwisho, na ikifanya kazi kila usiku itachoka.

Australia walilipa gharama kubwa kwa mambo haya. Mwaka 2009 serikali yao ilianza kugharamia uwekaji wa kihamijoto kwenye nyumba za watu kwa wingi na kwa haraka. Mafundi wasiofunzwa wakapanda madarini. Nyumba zilishika moto, nyingine kwa sababu taa za kuzama zilifunikwa, na wafanyakazi vijana wanne walifariki, watatu kwa umeme na mmoja kwa joto la darini. Mpango ulisimamishwa Februari 2010, na mwaka 2014 tume ya kifalme, yaani tume ya juu ya uchunguzi, ikatoa ripoti yake. Siku hizi taa za kuzama zinazouzwa huko huwekwa kwenye madaraja, kuanzia zile za kutofunikwa kabisa hadi zinazoruhusiwa kuguswa na kufunikwa. Ninalitaja hili kwa sababu kila mara mtu anaponiambia "ni kuziba tu", ndilo linalonijia.

Ushauri wangu kwako ni huu: usihangaike kuziokoa taa hizi. Toa zote 14, weka taa bapa za LED zenye alama ya kuruhusiwa kufunikwa na zilizothibitishwa kuwa hazivujishi hewa. Mwili wake ni mwembamba, nyingine haufiki hata sentimita 2, haupandi darini kama kopo la zamani. Waya zinaungwa ndani ya kisanduku kidogo kinachokaa pembeni juu ya dari. Pete yake ina gasketi ya sponji inayobanana na jipsamu. Wati zake ni 5 mpaka 10, kwa hiyo joto lenyewe limepungua tangu kwenye chanzo. Ukipiga hesabu ya kuzijengea taa za zamani visanduku vya kinga, ya gundi, ya siku za fundi akitambaa kwenye joto la bati, kubadilisha taa mara nyingi ndiyo njia rahisi, hata kama risiti ya dukani inaonyesha vingine.

Lakini lebo ya "haivujishi" nayo isikulevye. Kwa kipimo cha Marekani, taa huruhusiwa kubeba sifa hiyo ikiwa haipitishi zaidi ya lita 57 hivi za hewa kwa dakika kwenye tofauti ya shinikizo la paskali 75 (paskali ni kizio cha shinikizo). Yaani inavuja kidogo, ila kwa kiasi kinachovumilika. Na kinachopimwa kiwandani ni taa; pengo kati ya taa na tundu alilotoboa fundi wako kwa msumeno wa duara hakuna aliyelipima. Hilo ni lako.

Pengo hilo linazibwa hivi. Futa vumbi ukingoni mwa tundu kwa kitambaa chenye unyevu kidogo, uache pakauke; gundi haishiki juu ya unga wa jipsamu, na hapa ndipo kazi nyingi zinapoharibika. Kama tundu limechongeka vibaya, jaza kwanza kwa plasta ya jipsamu, acha ikauke, kisha piga msasa. Paka mstari mwembamba wa akriliki au silikoni kwenye uso wa dari, milimita chache kutoka ukingo, uzunguke bila kukatika. Sukuma taa juu mpaka pete ilale sawasawa. Gundi ikitokeza nje, futa kwa kidole. Mstari uwe mwembamba kweli, kwa sababu siku moja taa hiyo itaharibika na mtu atatakiwa kuitoa bila kung'oa nusu ya dari. Ukiona gasketi imebanana vizuri kuzunguka pote, basi gundi haihitajiki.

Ukitaka kubaki na taa ulizo nazo, labda kwa sababu ya umbo lake au bajeti, kuna njia ya kisanduku. Juu ya kila taa linajengwa boksi la jipsamu au la ubao wa saruji, lenye nafasi ya milimita 75 kila upande na juu. Ukingo wake wa chini unagandishwa kwenye dari kwa gundi isiyoshika moto, na tundu la waya linazibwa kwa gundi hiyohiyo. Jipsamu inafaa kwa kazi hii kwa sababu karibu sehemu ya tano ya uzito wake ni maji yaliyofungwa ndani yake, na moto hutumia muda kuyafukuza kabla haujapenya. Sufi inaweza kusukumwa hadi ubavuni mwa boksi, lakini juu yake iachwe wazi, isipokuwa mtengenezaji wa taa awe amesema vinginevyo kwa maandishi. Zipo pia kofia zilizotengenezwa tayari kwa sufi ya madini. Hizo ni nzuri, ila usome zimeruhusiwa kwa taa ya wati ngapi.

Kwa vyovyote vile, halojeni isiingie kwenye boksi. Na hapa kuna mtego: kuweka balbu ya LED ya wati 5 kwenye holda ileile kunapunguza joto sana, nami nakuunga mkono uifanye hata kesho, lakini hakubadilishi lebo ya taa. Taa isiyofunikwa inabaki kuwa taa isiyofunikwa, kwa sababu miaka mitatu ijayo balbu itaungua na mtu atarudisha ya wati 50 aliyoikuta kwenye droo. Huyo hatajua umefunika nini huko juu.

Sasa povu. Povu la kopo ni plastiki, linaungua. Likizunguka taa linaizuia kupoa. Likiingia kwenye matundu madogo ya mwili wa taa ya zamani, yale matundu ambayo watu hutamani kuyaziba kwa utepe, linaziba njia ya kupumulia iliyowekwa kwa makusudi. Linafura baada ya kupulizwa, linaweza kusukuma taa ikakaa upande, na likishakauka hakuna fundi atakayeifikia draiva bila kisu. Lina kazi zake: kuziba mahali bomba la maji linapopita, nyufa kati ya ukuta na dari, njia za waya. Kwenye taa, hapana. Vivyo hivyo mbao nyeupe za polisterini. Licha ya kuungua, polisterini ikigusana na waya wa kawaida wenye ganda la PVC hunyonya kilainishi cha ganda hilo, nalo ganda linakuwa gumu na kupasuka. Na foili inayong'aa ya kuzuia joto ichukulie kama waya ulio uchi: inapitisha umeme, na msumari mmoja wa stepla uliotoboa kebo unatosha kuifanya dari nzima iwe na chaji.

Jambo lingine ambalo watu hulisahau ni kebo. Taa za LED hazivuti umeme wa kuhangaikia, lakini juu ya dari hiyohiyo huenda inapita kebo ya kiyoyozi au ya hita ya maji. Kebo iliyozungukwa na kihamijoto pande zote kwa nusu mita au zaidi huhesabiwa, kwa kanuni za Uingereza, kuwa na nusu tu ya uwezo wake wa kubeba umeme, kwa kuwa haipoi. Mwambie fundi umeme azipandishe kebo nzito zilale juu ya sufi au zifungwe kwenye kenchi, kabla sufi haijarudishwa.

Siku ya kazi mpande alfajiri, bati likiwa bado baridi. Kanyageni boriti tu, jipsamu haibebi mtu. Barakoa na nguo za mikono mirefu kwa ajili ya sufi. Nyumba ikiwa ya zamani na mkakuta juu ya dari chembechembe nyepesi za rangi ya kijivu na dhahabu kama kokoto za mwamba, msiziguse wala kuzifagia. Hiyo yaweza kuwa vermikulaiti, madini yaliyotumika kama kihamijoto, na iliyochimbwa Libby, Montana, huko Marekani, ilichanganyika na asbesto, ambayo vumbi lake ni hatari kwa mapafu. Nyumba nyingi hazina, lakini kuangalia hakugharimu.

Mkimaliza kuweka na kuziba, msirudishe sufi bado. Funga madirisha na milango ya nje, washa feni za kutolea hewa zote, kisha pitisha kijiti cha ubani kinachofuka chini ya kila taa, sentimita moja kutoka kwenye pete, ukizunguka polepole. Moshi ukipanda wima na kutawanyika ovyo, pamezibika. Ukisukumwa chini au pembeni kila ufikapo sehemu ileile, hewa ya darini inaingilia hapo. Weka alama kwa penseli na urudie gundi. Ukitaka uhakika zaidi wako mafundi wenye feni kubwa inayofungwa mlangoni, inayovuta nyumba nzima hadi tofauti ya paskali 50, lakini kwa taa 14 ubani unatosha.

Ndipo sufi irudi, ifunike zile duara tupu kwa unene uleule wa sehemu nyingine, bila kukandamizwa. Ikibanwa inapoteza hewa iliyomo ndani na uwezo wake unashuka. Visanduku vya draiva viwekwe juu ya sufi kama mtengenezaji ameagiza hivyo, maana joto ndilo linaloziua draiva mapema kuliko LED zenyewe.

Bafuni chagua taa yenye kinga ya maji ya IP65 kwa upande wa chini. Na kama juu ya dari kuna chumba cha watu badala ya bati, au dari inatenganisha nyumba mbili, ulizia taa zilizopimwa kustahimili moto kwa dakika 30, 60 au 90, zenye mpira unaofura ukipata moto na kuziba tundu. Hizo hazikusaidii kwenye sebule yako yenye paa la bati, kwa hiyo muuzaji akikulazimisha uzichukue zote 14, mkatalie.